Kamera ya Bangili za Mogitu

Asubuhi za Mogitu huanza na ukungu. Hushuka polepole kutoka Mlima Hanang, hupita juu ya mahindi na alizeti, kisha hutulia kwenye mapaa ya nyumba kama mtu anayefikiri. Natalia alizoea kuamka ukungu ukiwa bado mlangoni. Alikamua ng'ombe wake wawili, akawasha moto, akainjika chai. Kabla chai haijachemka, alisikia mivukuto ikianza kupumua nyuma ya nyumba. Fuu. Fuu. Hapo alijua kwamba mume wake, Gidamis, ameanza kazi.

Gidamis alikuwa mfua shaba. Alinunua makufuli mabovu na mabomba ya maji yaliyochakaa, akayayeyusha, akayageuza kuwa bangili za njano. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Juu ya kila bangili alichora mistari kwa tindo, mistari mingi na myembamba kama njia za sisimizi. Natalia alikaa karibu naye akitunga shanga. Akiwa anatunga, mawazo yake yalisafiri. Alitaja kimoyomoyo majina ya miji aliyoyasikia redioni, akajiuliza kama huko nako kuna ukungu.

Lakini siku hizo mawazo yake hayakusafiri mbali. Yaliishia Mererani.

Binamu wa Gidamis, anayeitwa Bura, alikuwa mchimbaji wa madini huko. Alikuwa amepiga simu. "Njoo tuchimbe, kaka," alisema. "Nafasi yako ipo mpaka mwisho wa mwezi. Hizo bangili siku hizi nani anavaa?"

Gidamis hakumjibu Bura siku ile. Usiku alimwambia mke wake, "Mama Yona, watu wa hapa wananunua bangili za plastiki. Arusha wakitukubali, nitabaki. Wakitukataa, nitakwenda."

Natalia aliwafahamu wanaume waliokwenda. Walisema wanakwenda mwaka mmoja. Wengine walikuwa na mwaka wa saba sasa, na watoto wao waliwajua kwa sauti ya simu tu.

Huko Arusha alikuwapo mwanamke mmoja aitwaye Perpetua. Alikuwa na duka la mapambo, na aliuza pia kwa mtandao. Alikuwa amesikia habari za bangili za Mogitu, akaomba picha za bangili sita. Natalia alizipiga kwa simu yake ya zamani, ile yenye kioo cha kamera kilichokwaruzika, akazituma. Kesho yake ujumbe wa sauti uliingia.

"Mama Yona, picha nimezipokea, asante. Lakini dada yangu, mimi ninaona kitu cha njano tu. Inaweza kuwa bangili, inaweza kuwa kipande cha boga. Mteja wangu yuko mbali, hawezi kuishika. Macho yake ndiyo mikono yake. Tafuta kamera nzuri, unipigie picha ambazo ninaweza kuhesabu mistari. Ijumaa ya wiki ijayo nafunga orodha. Usichelewe."

Gidamis aliusikiliza ujumbe huo mara mbili. "Boga," alisema. Akainuka, akaenda kuuza mbuzi wawili.

Jumamosi walikwenda Katesh. Hermani, mwenye studio ya picha, aliuza pia kamera zilizokwisha kutumika. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyokaa juu ya paji la uso.

"Karibuni, karibuni. Mnataka kamera ya namna gani?"

"Ya kazi," alisema Gidamis.

Gidamis alikuwa bingwa wa kuchagua dume la kulimia. Mnadani watu walimwita awasaidie. Basi kamera nazo alizichagua hivyo hivyo. Alizipima uzito mkononi. Alizigusa shingo. Ile ndogo aliipita bila kuisalimia. Mwishowe aliinua moja kubwa, nyeusi, yenye lenzi ndefu kama mtungi.

"Hii ina nguvu," alisema. "Inaona mbali kiasi gani?"

"Hiyo?" Hermani alicheka. "Hiyo ilikuwa inapiga picha simba mbugani. Toka nje nikuonyeshe."

Walitoka nje. Mawingu yalikuwa yameondoka, na Mlima Hanang ulisimama wazi juu ya mji. Gidamis aliweka jicho.

"Mama Yona," alisema kwa sauti ya chini, "njoo uone."

Natalia alitazama. Kilele kilimjia mpaka akarudi nyuma hatua moja. Aliona mwamba. Aliona mti mmoja uliopinda, na nyasi zikiinama kwa upepo ambao yeye hakuusikia. Ilikuwa kama kuota akiwa amesimama barabarani. Katika kitenge chake, kiunoni, alikuwa amefunga bangili moja. Aliisahau kabisa.

"Tuichukue?" aliuliza Gidamis.

"Tuichukue," alisema Natalia, jicho lake likiwa bado mlimani.

Hermani aliwaandikia risiti. Chini yake aliandika kwamba wanaweza kubadilisha kamera ndani ya siku saba, ikiwa haina mkwaruzo.

Nyumbani, Gidamis alifanya kama baba yake alivyomfundisha. Alichukua samli, akaipaka bangili mpaka ikawaka. Katika ukoo wao, bangili kavu haikuonyeshwa mgeni. Aliiweka juu ya blanketi jekundu. Natalia aliinama na kamera, akabonyeza.

Zzz, zzz, ilisema lenzi. Ikakataa.

Alisogea karibu zaidi. Zzz. Kwenye kioo palionekana ukungu wa njano tu. Alirudi nyuma hatua mbili. Sasa kamera ilikubali, lakini bangili ilionekana ndogo kama punje ya mtama. Aliwasha flashi. Samli ikarudisha mwanga wote, na katikati ya picha pakatokea doa jeupe kama jua.

"Pengine haijazoea nyumba," alisema Gidamis.

"Ni kamera, Baba Yona. Siyo ndama."

"Basi wewe ndiye hujaizoea."

"Nimebonyeza mara arobaini! Inaona mti juu ya mlima, lakini bangili iliyo mbele ya pua yake haiioni."

Gidamis alikaa kwenye kigoda, akaitazama simu yake. Natalia alijua jina analolitafuta ni la Bura.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Rogathe, bibi shamba wa kata. Alikuwa kijana, mwenyeji wa Same, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili Mogitu. Kila wiki alipita kukagua mahindi.

"Shikamoo, Baba Yona. Shikamoo, Mama Yona."

"Marahaba, bibi shamba. Karibu," walimjibu.

"Nimetoka shambani kwenu. Nondo wa viwavijeshi wameanza kutaga. Si wengi, tutawawahi. Ngoja niwaonyeshe."

Alitoa mfukoni kamera ndogo ya kijivu, akabonyeza, akawapa. Kwenye kioo palikuwa na jani la mahindi. Juu ya jani palikuwa na mayai mengi, madogo kuliko punje za chumvi, kila moja la mviringo, limefunikwa na vinyweleo laini. Natalia aliweza kuyahesabu. Alishika kamera kwa mikono miwili.

"Bibi shamba, hii umeipiga ukiwa wapi?"

"Hapo hapo. Kamera ilikuwa karibu na jani kama kidole hiki na meza."

Natalia aliitazama kamera ya Rogathe. Kisha aliitazama ile nyeusi, kubwa, iliyolala kitini kama mgeni aliyeshiba. "Na hiyo yetu?" aliuliza. "Hiyo yetu inakosa nini?"

Rogathe aliichukua, akaigeuza, akasoma maandishi madogo pembeni mwa lenzi. Alitabasamu.

"Haina kosa. Ila mmeipa kazi isiyo yake. Kila lenzi ina umbali wake wa chini kabisa. Ukisogea karibu kuliko hapo, haioni. Hii imeandikwa mita moja na nusu. Imetengenezwa kwa ajili ya vitu vya mbali. Mmewahi kumwona babu anayesoma barua huku ameunyoosha mkono?"

"Baba yangu mzazi," alisema Natalia.

"Basi ni yeye huyo. Mbali anaona vizuri, karibu anasumbuka. Ninyi mnataka kamera ya karibu. Tazama hapa." Alionyesha alama ndogo kwenye kamera yake. "Hili ua. Kamera yenye alama ya ua inaweza kuwekwa tayari kwa vitu vya karibu. Lakini msiamini alama peke yake. Bebeni bangili yenu mpaka dukani, muipige picha pale pale, halafu mkuze picha kwenye kioo. Mkiona mistari, mmepata."

Gidamis alikuna kidevu. "Wakati anaandika risiti, Hermani alisema kamera nzuri ni yenye namba kubwa. Meg... megapikseli."

"Namba inasaidia ukitaka kuchapisha picha kubwa kama ukuta. Kwa picha ya kwenye simu ya mteja, hata kumi na mbili zinatosha. Picha ya ukungu yenye namba kubwa ni ukungu mkubwa tu, Baba Yona."

Gidamis alicheka, ingawa hakutaka.

"Kuna simu mpya zinazoweza kazi hii," Rogathe aliendelea, "ila ya Mama Yona imekwaruzika kioo cha kamera. Angalieni pia kama chini ya kamera kuna tundu la kufungia stendi. Mkono ukitetemeka kidogo, mstari mwembamba unapotea. Na flashi mzime. Mwanga wa dirishani unatosha." Aliinua bangili, na vidole vyake vikabaki na samli. "Na haya mafuta... yafutwe kabla ya picha."

Kicheko cha Gidamis kiliisha.

"Bangili yangu haionyeshwi kavu," alisema. "Baba yangu hakuonyesha bangili kavu. Ni kumdharau anayeitazama."

Rogathe aliinamisha uso. "Samahani, baba. Sikudharau. Ni kwamba mafuta yanang'aa, na kamera inachukua mng'ao, inaacha mistari. Kazi ya mkono wako ndiyo inayofichwa."

Natalia alimwangalia mume wake. Alijua kwamba neno lile la mwisho limemgusa, na alijua pia kwamba hawezi kulikubali mbele ya mgeni bila kusaidiwa.

"Baba Yona," alisema polepole, "kwani anayeitazama kwanza ni nani? Ni sisi. Ipake, tuitazame hapa nyumbani kama desturi ilivyo. Kisha tuifute ipigwe picha. Siku inapoondoka kwenda kwa mwenyewe, utaipaka tena. Kamera si mgeni. Kamera ni barabara tu."

Gidamis alifikiri. Alichukua kitambaa, akakiweka begani.

"Jumatatu tunarudi Katesh," alisema.

Hermani alipowaona, alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika," alisema Natalia. "Haioni karibu."

"Mama yangu, si mlitaka inayoona mbali?"

"Tulitaka. Hatukukuambia tunapiga picha nini."

"Bangili," alisema Gidamis, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Bangili!" Hermani alipiga meza, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mtu ananiomba bunduki ya tembo, kumbe anawinda sisimizi! Na mimi nina kosa, sikuuliza. Haya, leo tuanze na bangili."

Natalia alifungua kitenge, akaiweka bangili juu ya meza, kavu, imefutwa. Hermani alileta kamera tatu.

Ya kwanza ilikuwa mpya, yenye namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Natalia aliisogeza karibu. Ukungu. Aliirudisha.

Ya pili iliona karibu vizuri, na Gidamis alitaka kulipia. Lakini Natalia alifungua mahali pa betri. Betri ilikuwa imevimba, na nyingine ya aina ile haikuwapo pale mjini. Aliirudisha nayo.

Ya tatu ilikuwa ndogo na ya zamani, imechubuka pembeni. Ndiyo ile ambayo Gidamis aliipita bila salamu siku ya Jumamosi. Ilikuwa na alama ya ua. Chini yake palikuwa na tundu la stendi. Betri yake ilikuwa nzima, na chaja ilikuwapo, na kadi ya kuhifadhia picha ilisomeka. Natalia aliichagua alama ya ua, akaisogeza karibu kama upana wa kiganja. Akashusha pumzi. Akabonyeza, akaikuza picha kwenye kioo.

Mistari ikaja. Mmoja, miwili, kumi. Aliikuza tena, na mistari ikazidi kuja.

"Ni hii," alisema.

Gidamis aliipima uzito, akatikisa kichwa. "Nyepesi kama yai."

"Bangili yako nzito ya kutosha," alisema Hermani. "Tena hii ni nafuu kuliko ile ya simba. Kwa pesa inayobaki nawapa stendi."

Siku iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Natalia aliogopa kwamba mwanga hautatosha. Rogathe alikuja mapema, akafungua dirisha, akafurahi.

"Huu ndio mwanga wenyewe! Jua kali linatupa vivuli vyeusi na madoa. Ukungu unausambaza mwanga wote taratibu, kama mtu anayenyunyiza unga."

Gidamis alizipaka bangili sita samli. Wote watatu walizitazama kwa zamu, bila haraka, na Rogathe alisema, "Ni nzuri, baba." Kisha Gidamis mwenyewe alizifuta moja moja.

Waliweka karatasi nyeupe ya manila juu ya meza karibu na dirisha, wakaikunja kidogo ipande nyuma kama ukuta. Hapakuwa tena na blanketi jekundu la kuipaka shaba rangi yake. Upande wa kivuli Rogathe alishika karatasi nyingine nyeupe, na ubavu wa giza wa bangili ukapata nuru. Kamera ilifungwa kwenye stendi. Walitumia ile saa ya kamera inayosubiri sekunde mbili, ili kidole kisiitikise.

"Picha ikitoka nyeusi?" aliuliza Natalia.

"Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa. Kujumlisha kunaongeza mwanga, kutoa kunapunguza. Jaribu, itazame, rudia. Picha haigharimu kitu."

Natalia alijaribu, akarudia. Kila bangili aliipiga kutoka mbele, kutoka juu na kutoka karibu kabisa. Kwenye picha ya mwisho alikuza mpaka mwisho wa kukuza. Mfereji mmoja wa tindo ulijaa kioo chote. Ulikuwa kama bonde, una kingo zake na mteremko wake, na mwanga wa njano ulilala ndani yake kama maji. Natalia alitembea mle kwa jicho. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameishi na mistari ile, na hakuwahi kuingia ndani yake.

"Baba Yona," aliita, "hivi ndivyo unavyoona unapochora?"

Gidamis alitazama, akatikisa kichwa. "Mimi sioni. Mimi nahisi tu kwa mkono." Akaendelea kutazama.

Picha walizihamishia kwenye simu ya Rogathe, wakazituma kama faili, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida simu huzipunguza ubora. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano haikuleta jibu. Alhamisi asubuhi Bura alipiga simu, na Gidamis akamwambia asubiri kidogo. Mivukuto haikupumua siku hiyo. Natalia alipalilia mboga zilizokuwa zimepaliliwa.

Saa nane mchana simu ililia.

"Mama Yona! Nimehesabu!" Alikuwa Perpetua. "Nimekaa na picha zako tangu jana. Lakini nina swali. Ile bangili ya tatu ina mstari mmoja mfupi kuliko mingine. Ni kosa?"

Natalia alimpa Gidamis simu.

Gidamis alisikiliza. Kisha uso wake ulifunguka taratibu.

"Umeuona?" aliuliza. "Hapana, mama, siyo kosa. Hapo ndipo ninapoanzia. Kila bangili yangu ina mstari mfupi mmoja. Baba alinifundisha hivyo, ili mkono ujue ulipotoka. Miaka yote, wewe ni wa kwanza kuniuliza."

Perpetua alisema maneno hayo atayaandika chini ya picha. Alizichukua bangili zote sita kwenye orodha yake, na aliagiza nyingine ishirini za kuanzia. Alihitaji picha moja zaidi, bangili ikiwa imevaliwa mkononi, ili mteja ajue ukubwa wake.

Gidamis alikata simu. Akapiga nyingine palepale, akiwa bado amesimama.

"Bura? Nafasi ile mpe mtu mwingine... Hapana, siumwi. Nina kazi hapa nyumbani. Ndiyo, hizo hizo bangili! Cheka tu, ndugu yangu. Ukimaliza kucheka, nitakutumia picha."

Natalia aligeukia ukuta, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha alivaa bangili, akakaa karibu na dirisha, akauficha mkono wake mapajani.

"Tumwite bibi shamba atoe mkono wake," alisema. "Wangu una sugu. Una udongo wa shamba."

"Mkono wa nani ulisema kamera ni barabara?" aliuliza Gidamis.

"Huo ulikuwa mdomo."

"Basi tulia, wewe mdomo."

Alifunga kamera kwenye stendi kama alivyoona ikifungwa. Hakuwahi kupiga picha nayo kabla ya siku hiyo. Vidole vyake vikubwa vilitafuta alama ya ua, vikaipata. Alisogeza kamera karibu, akarudi nyuma kidogo, akasogeza tena. Kwenye kioo ukungu ulikusanyika, ukawa shaba, ukawa mistari, ukawa ngozi ya mkono wa mke wake.

Alikawia kubonyeza.

"Vipi, haioni?" aliuliza Natalia.

"Inaona," alisema Gidamis. "Usitikisike."